Risala ya Waanika Dagaa wa Kibirizi Kuhusu Ujumbe wa Boti

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, shikamoo, na kwa salamu yetu ya Kiha, mwakeye. Sisi waanika dagaa wa mwalo wa Kibirizi tumefurahi umekuja. Tumefurahi zaidi umekubali simu yako iingie kwenye beseni pamoja na zetu. Hiyo inayotetemeka sana ni ya mwenyekiti wetu, Mama Mwanvua, usijali.

TULIKOTOKA
Zamani tulianika chini, mteja anakula dagaa na mchanga kidogo. Leo tuna vichanja hivi unavyovizindua, na grupu la WhatsApp la kuulizana bei. Grupu ndilo lililotuponza. Mkono mmoja unageuza dagaa, mwingine uko kwenye simu. Kunguru wa hapa walishatujua: simu ikilia, wanashuka.

YALIYOTUKUTA
Wiki mbili zilizopita uliingia ujumbe: boti ya wakimbizi kutoka Burundi imezama, dagaa wamekula maiti, msile dagaa wa Kigoma. Tukakasirika. Tukautuma kwa wateja wetu wote wa Tabora na Mwanza, juu yake tumeandika, "Huu ni uongo, msiamini." Wengi walikuwa hawajausikia. Shadia wa Tabora, mteja wetu mkubwa, akajibu, "Kumbe? Asanteni jamani kwa kunishtua. Mzigo wangu acheni kwanza." Mgeni rasmi, tulijimaliza wenyewe, tena kwa bando letu.

Mwenzetu Agnesi, Mrundi aliyeolewa hapa, alikuwa anamsubiri mama yake kwenye boti hiyohiyo. Alikaa chini akalia. Tukatandika mkeka, tukalia naye. Na hapohapo tunamwandikia "pole" kwenye grupu, wakati yuko mbele yetu.

Boti haikuzama. Iliishiwa mafuta, ikalala kijiji cha Mwamgongo, ambako mtandao unaufuata mlimani. Kesho yake mama akashuka hapa, akauliza, "Mnamlilia nani?"

TULIPOFIKIA
Ndipo likaja beseni. Wakati wa kuanika, simu zote humo. Na habari ya ziwani haitumwi mpaka mtu aende kuwauliza wanaoshuka kwenye boti. Siku za mwanzo mikono iliwasha. Mama Mwanvua alikutwa amelifunua, akasema anaangalia saa. Sasa tunapiga soga, na kunguru wamekonda.

TUNALOOMBA
Tulikuwa na mengi: choo, taa, mizani. Hayo tutakukumbusha ukirudi. Leo ni moja tu. Dagaa wamejaa stoo, na Shadia bado kanuna. Sahani inayokuja ni ugali wa muhogo na dagaa wa mawese. Tunaomba ule, beseni tulifunue mara moja tukurekodi. Usikunje uso ukikuta vichwa.

Na ukae na mpishi, maana kesho anapanda basi na wenzake kwenda kambi ya wakimbizi. Mpishi ni mama yake Agnesi. Watu wamwone yule aliyeliwa na dagaa, anavyowala yeye.

Mungu akutunze, awavushe salama walioko ziwani saa hizi, na Shadia aifungue hiyo video.

Ni sisi,
Waanika Dagaa wa Kibirizi

Imesomwa na katibu, Swaibu (amemaliza chuo, huu mwaka wa pili, ajira bado)