Juzuu Tatu na Nguzo Moja

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kuo Ching-te, Mwenyekiti wa Kamati ya Kulinganisha Kanuni za Ujenzi, wataalamu mliofuatana naye, majirani zetu:

Makaribisho

Sisi wakazi wa Jengo la Fu-an, kaya arobaini na tatu za hapa Hualien, Taiwani, tunakukaribisha. Tulikuwa tumepamba ukumbi wa chini. Asubuhi maofisa wako wakaamuru viti vihamishiwe ng'ambo ya barabara, chini ya hema hili, kwa usalama wako. Tunawapongeza. Ndio wa kwanza kuisoma ripoti ya kamati yako kuhusu jengo letu na kuchukua hatua.

Historia

Jengo ni la mwaka 1981. Miaka mitatu iliyopita tetemeko liliipasua nguzo ya kati, ufa wa kupitisha mkono. Tukaomba iimarishwe. Mkasema kwanza ijulikane iimarishwe kwa kanuni za nchi gani.

Mafanikio

Ripoti imefika juzuu tatu. Sasa tunajua kuwa kwa kanuni za Japani nguzo zetu ni dhaifu. Kwa za Nyuzilandi, mihimili isingepaswa kuzishinda nguzo nguvu. Kwa za Chile, kuta ni chache. Kwa zetu za leo, pete za nondo ndani ya nguzo zimeachana mno. Kwa zetu za 1981, jengo halina kosa. Wataalamu wanabishania tu ghorofa ipi itatangulia kuanguka.

Nasi hatukukaa bure. Kwenye ufa tumeweka pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi, ile ambayo kwa desturi yetu huwekwa juu ya mitambo kama hirizi ili isisumbue. Tunaibadilisha kabla haijapitwa na muda. Hayo ndiyo matengenezo pekee ambayo nguzo imepata.

Changamoto

Kitanda cha Bibi Tseng, mwenye miaka themanini na moja, kiko nyuma ya nguzo hiyo. Mhandisi Pan wa kamati yako alipomsomea muhtasari wa ripoti, bibi alimwambia:

"Mwanangu, mimi sina haja ya kufa Kijapani wala Kichile. We niambie tu, kitanda nikisogeze wapi?"

"Hilo litakuwa kwenye juzuu ya nne, bibi."

"Haya, andika upesi basi. Mi nimelala hapo hapo nakungoja."

Tulicheka, Mheshimiwa. Lakini tunaogopa.

Maombi

Chagueni kanuni yoyote, hata ya nchi isiyojua tetemeko, nguzo ifungwe chuma. Ikishindikana, tunaomba moja tu: mkimaliza sherehe, chukueni viti, vipaza sauti na juzuu zote tatu. Hema tuachieni. Bibi Tseng ameshaleta godoro.

Tunakutakia umri mrefu, chini ya paa lolote utakalolala.

Ni sisi,
Wakazi wa Jengo la Fu-an

Imesomwa na Liao Shu-chen, katibu, ghorofa ya tano.