Elisante Shemweta, Mnadishaji Aliyerudisha Sadaka

Wasikilizaji wapendwa, popote mnapotusikia, iwe Lushoto mjini, Soni, Bumbuli au huko chini Muheza, punguzeni kelele za sufuria mkae nasi kidogo. Leo tunamkumbuka Elisante Shemweta, aliyekuwa mnadishaji wa kanisa. Amefariki nyumbani kwake, milimani juu ya Mponde, akiwa mzee wa miaka sabini na miwili. Amefariki akiwa ametengwa na usharika wake. Tunarudia kwa aliyechelewa kufungulia redio: ametengwa. Jina la usharika huo tumeombwa tusilitaje, na waliotuomba walipanda ngazi hadi hapa kituoni wakiwa wamevaa suti. Basi hatulitaji. Watu wa Mponde wanaujua vizuri sana.

Kwa wasikilizaji wasio wa huku milimani, tuseme kwanza mnadishaji wa kanisa ni nani. Jumapili watu wetu hawatoi noti peke yake. Hutoa mkungu wa ndizi, kabichi, debe la viazi, kapu la peasi, trei la mayai, kuku aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha, vitu vyote hutolewa uwanjani na kunadiwa, na kinachopatikana kinaingia kwenye mfuko wa kanisa. Anayenadi lazima awe na sauti na awe na mdomo. Elisante alikuwa na vyote viwili.

Alinadi zaidi ya nusu ya maisha yake. Akishika kabichi iliyotobolewa na wadudu, hakuificha. Aliigeuza watu wote waione, akasema wadudu wa Usambara wana akili, hawali kitu kisicho kitamu. Watu wakacheka, wakapandisha bei. Lakini shikeni hili, wasikilizaji, maana ndilo tutakalorudi kulisema: Elisante alikuwa akionyesha tundu. Mtu alinunua kwake akijua anachonunua. Hata watu wa dini nyingine waliokuwa wakipita njia walisimama pale uwanjani kununua, kwa sababu ya mdomo wa Elisante tu.

Kulikuwa na desturi moja. Sadaka hairudi nyumbani. Kitu kikishaingia kanisani, hata kikikosa mnunuzi, mwenyewe hakichukui tena. Ni aibu. Kwa hiyo kilichokosa mtu, Elisante alikinunua mwenyewe. Binti yake, Elinuru, alitueleza hivi: "Nyumbani kwetu tulikula vitu ambavyo hata Mungu alikuwa amevikataa." Mama yake, Yudith, alilalamika kila Jumapili, kisha akapika.

Sasa tufike kwenye ndui ya kuku. Mnaofuga mnaijua. Kuku anaota mapele kwenye upanga wa kichwani, kwenye kope, pembeni ya mdomo. Mapele yanakuwa magaga meusi. Macho yanafunga. Wengine wanaota utando kooni, hawali, hawanywi, wanakufa wamesimama. Vifaranga ndio wanaoisha kabisa. Haimshiki binadamu, hilo tuliseme ili mtu asitupe mchuzi wake. Inaenezwa na mbu, na kuku wenyewe wakidonoana, na mgonjwa akipelekwa walipo wazima.

Mwaka mmoja, miaka kadhaa nyuma, masika yalikuwa marefu, na mbu walikuwa wengi kuliko kawaida ya huku kwetu kwenye baridi. Ndui ikaingia. Afisa mifugo wa kata, kijana mmoja anaitwa Heri, akaita mkutano. Akasema ugonjwa huu hauna dawa, una chanjo tu, inachomwa kwenye bawa, na ameshaiagiza. Kwa sasa, akasema, kila mtu abaki na kuku wake bandani. Msiuze kuku, msinunue kuku.

Hapo ndipo aliposimama Mzee Tobia. Tobia ni katibu wa baraza la wazee la usharika, na banda lake ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Aliuliza swali moja: je, kutoa sadaka ni kuuza? Heri alicheka. Kijana wa watu alidhani anataniwa. Tobia akakichukua kile kicheko kama kibali cha serikali, akaenda nacho nyumbani.

Wasikilizaji wapendwa, Jumapili iliyofuata kanisa lile lilipata kuku kuliko Jumapili yoyote inayokumbukwa. Mwinjilisti alisifu kutoka madhabahuni, akasema Roho ameshuka. Kumbe kilichoshuka ni magaga. Watu wazima, wenye wajukuu, wenye vyeo vya kanisa, waliingia mabandani mwao, wakachagua aliyefumba macho, wakampaka upanga mafuta ya kupikia ung'ae, wakamleta kwa Muumba wao. Kuku aliyekataliwa sokoni alikubaliwa kwa Mungu. Na mwenye kuku akarudi nyumbani amepungukiwa na mgonjwa na ameongezewa sifa. Kumtupia jirani kuku mgonjwa usiku bandani kwake ni uchawi. Kumpitisha kanisani ikawa ni ukarimu.

Mvua ilikuwa inanyesha, vitu ni vingi, na Elisante alinadi haraka. Kuku aliwashika miguu, vichwa chini. Hakuwageuza. Miaka yote ile ya kuonyesha tundu, siku ile hakuonyesha. Kwenye ukingo wa uwanja alisimama mama mmoja mchuma chai, Sharifa, mwenyeji wa Songea, anayekaa kambini na wanawe. Hakuwa mtu wa kanisa lile. Alimuuliza Elisante kama jogoo aliyemshika ni mzima. Elisante akamjibu kwa sauti yake ya mnadani: "Huyu ni wa Mzee Tobia. Angekuwa mgonjwa, angeletwa kwa Mungu?"

Watu wakacheka. Tobia naye alicheka. Sharifa akanunua.

Baada ya majuma machache Sharifa alipanda hadi kwa Elisante. Alimkuta nje, akampa shikamoo yake kama inavyotakiwa, akakataa kiti. Kuku wake wote walikuwa wameingiwa na ndui, vifaranga hakubaki hata mmoja. Kwa mchuma chai wa kambini, kuku ndio madaftari ya watoto, ndio chumvi, ndio nauli ya kwenda hospitali. Alisema: "Sikuja kudai, mzee. Wale wengine siwajui. Mimi nilinunua mdomo wako."

Kisha akateremka. Elinuru anasema baba yake hakula mchana ule. Alikwenda bandani kwao, akamkuta Yudith ameinama juu ya kuku wake mwenyewe, wale wa kutotolea, macho yamefunga. Maana waliokosa wanunuzi Elisante aliwaleta nyumbani, kama desturi. Yudith hakumtazama.

Elisante alikwenda kwa Tobia. Tobia alimkaribisha chai, na maneno yake Elisante aliyarudia mpaka siku za mwisho, kwa namna mtu anavyorudia kitu ambacho bado hajaamini kwamba kilisemwa. Tobia alisema: "Mgosi, mzee mwenzangu, kuku akishavuka mlango wa kanisa ni wa Bwana. Na ugonjwa wake ni wa Bwana." Chai haikunyweka.

Ikaja sikukuu ya mavuno. Ndui ilikuwa bado ipo, na wageni wa jimbo walikuwa wamealikwa. Elisante alisimama mlangoni tangu asubuhi, akisalimia, akiangalia nani ameleta nini. Watu wakadhani amekuja mapema kwa bidii. Ibada ikaisha, wakatoka uwanjani, wageni wakapewa viti mbele.

Elisante akainua jogoo wa kwanza, kichwa juu. Akampanua mdomo watu waone utando. Akasema kwa sauti ile ile iliyouza kabichi: "Huyu simnadi. Tobia, njoo umchukue kuku wako."

Watu walidhani ndio utani umeanza. Akasubiri. Akamtaja wa pili, na kuku wake. Akamtaja wa tatu. Mtunza hazina. Kiongozi wa kwaya. Aliwaita mmoja mmoja kwa majina yao ya ubatizo, na wote walikwenda, maana wageni walikuwa wanatazama na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kusema huyo si wangu. Ndugu zangu, sisi tumetangaza mambo mengi kwenye kituo hiki, lakini tungelipa kuuona msafara ule: wazee wa kanisa katika mavazi ya sikukuu, wanapanda vilima kurudi kwao, kila mmoja na kuku mgonjwa kwapani, magaga yanamgusa koti.

Sadaka ilikuwa imerudi nyumbani. Na hilo, kwa baraza la wazee, ndilo lilikuwa kosa. Si kuku. Si Sharifa. Baraza lilikaa na kumshtaki Elisante kwa kurudisha sadaka na kuwaaibisha wazee mbele ya wageni. Waliomshtaki ndio waliomhukumu, na wengine walikuja kikaoni hawajasafisha makoti. Wakamtaka atubu mbele ya usharika. Elisante aliuliza atubu lipi. Kama ni la kumuuzia Sharifa kuku mgonjwa, alikuwa ameshakwenda kambini, akasema amekosa mbele ya majirani zake wote, na akampelekea mitetea aliyonunua mbali, wazima. Kama ni la kurudisha, akasema, hilo hawezi.

Wakamtenga. Msidhani ni jambo dogo. Aliyetengwa katika usharika ule haendi Meza ya Bwana, na akifa kengele haipigwi, mchungaji haji, jina lake halisomwi. Hicho ndicho walichomshika nacho. Na Elisante aliogopa, wasikilizaji, tusimfanye jiwe. Elinuru anasema kengele ya msiba wa mtu mwingine ikilia, baba yake aliacha jembe katikati ya shamba akasikiliza mpaka iishe. Yudith alimsihi kila wiki aende akaseme neno moja tu, yaishe, mzee mzima afe vizuri. Alimwambia ana kichwa kigumu. Alikuwa nacho kweli.

Ndui nayo ilipita, kama inavyopita. Kuku waliovumilia walipona wenyewe, magaga yakaanguka. Tobia akasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba kuku wake wameponywa kwa maombi na mafuta ya taa. Heri alipoleta chanjo, waliojipanga mstarini siku ya kwanza walikuwa wawili: Elisante na Sharifa. Wenye maombi walipeleka kuku wao baadaye, jioni jioni, kwa mlango wa nyuma wa ofisi.

Elisante Shemweta aliishi ametengwa mpaka kifo chake. Mwezi uliopita alilala, hakuamka. Asubuhi ile ile, kabla jeneza halijapimwa, ujumbe wa baraza ulifika msibani. Tobia alikuwa mbele. Walikuja na huruma, ndivyo walivyosema. Walikuwa wamefikiri sana. Kengele itapigwa, mchungaji atakuja, kwaya itaimba, kila kitu. Kinachotakiwa ni mjane aseme tu mbele ya watu kwamba marehemu, kabla ya kukata roho, alitubu. Hakuna atakayeuliza zaidi.

Oneni walivyokuwa wepesi. Uhai wake wote walishindwa kulitoa lile neno kinywani mwake. Sasa kinywa kimefungwa, wakaona ndio nafasi.

Yudith alikuwa amekaa mkekani. Watu wote walijua kwamba yeye ndiye aliyetaka kengele ile kuliko mtu yeyote. Alivuta khanga yake, akamjibu Tobia, na Elinuru alikuwepo: "Nimemwambia huyu mwanaume anyamaze miaka yote. Leo amenyamaza. Msinitume mimi nikamsemee uongo akiwa amelala."

Tobia alisema mama afikirie kwanza. Yudith akamwambia chai iko nyuma, wasiondoke na njaa.

Kengele haikupigwa. Mchungaji alipangiwa shughuli kwingine. Elisante alizikwa shambani kwake, na sala aliiongoza Elinuru. Sharifa alikuja na wachuma chai wenzake, Waislamu kwa Wakristo, moja kwa moja kutoka shambani, na wao ndio waliobeba jeneza kwenye ule mteremko wenye utelezi. Washirika wengi wa usharika, wale wale aliowauzia na kuwachekesha Jumapili zote zile, walisimama barabarani juu. Hawakushuka, hawakuondoka. Walikuwa wanaangalia nani anawaangalia. Hao nao tunawasalimu, kwa kuwa redio wanayo.

Kwa Yudith, kwa Elinuru, kwa ukoo wote wa Shemweta, kituo hiki kinatoa pole. Poleni sana. Mlikaa na mtu mgumu, na mmezika mtu mkweli.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, Jumapili ijayo sharika nyingi za huku milimani zina sikukuu ya mavuno. Utaingia bandani asubuhi, giza bado, utapapasa kuku wa kutoa. Mkono wako utamgusa mmoja ambaye hutaumia hata kidogo akiondoka. Mwache hapo. Endelea kupapasa mpaka umpate yule ambaye ukimshika, moyo unakwambia huyu hapana, huyu simtoi. Mpeleke huyo.