Fundi Besi na Ubeti wa Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yako imewahi kukauka sauti, ukaipeleka kwa fundi, ikarudi inaongea, basi huenda unamfahamu mtu tunayemkumbuka leo. Tunamkumbuka Fundi Besi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na mtaa. Kila alipomrudishia mtu redio yake, aliiwasha kwanza, akainamisha kichwa, akasema, "Sikiliza besi hiyo. Sikiliza vizuri."

Fundi Besi, fundi wa redio, ametutoka wiki iliyopita kwa maradhi ya kifua. Ameacha dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye. Na ameacha binti mmoja, mshonaji wa nguo, ambaye cherehani yake iko ng'ambo ya barabara, ukitoka tu mlangoni kwa fundi unaiona.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja. Kaunta ilikuwa na makovu ya kuungua, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuweka chuma cha moto cha kulehemia popote mkono ulipofika. Harufu ya risasi ya kuungia waya, iliyoyeyuka, ilikuwa haitoki, hata ukifungua mlango kutwa. Redio za watu zilipangwa rafuni zikiwa zimefunuliwa migongo. Na juu ya kabati, peke yake, ilikaa kanda ya kaseti ya kupimia redio.

Hiyo kanda ndiyo tunayotaka kuizungumzia, wasikilizaji wapendwa. Fundi Besi alipimia redio zote kwa kanda hiyo moja. Ilikuwa na wimbo wa mzazi anayemlalamikia mwanawe. Mwimbaji anaanza hivi: "Nimelea, nimelisha, leo nageuziwa kisogo." Ubeti huo una kila kitu anachokihitaji fundi. Una gitaa zito la chini, una sauti nyembamba ya juu, una ngoma inayogonga kifuani. Ukiisha, fundi ameshajua kama spika ni nzima. Anabonyeza kitufe, anairudisha kanda mwanzo, anaita, "Mwingine!"

Ubeti wa kwanza tu, wasikilizaji. Miaka yote hiyo, kwake yeye, wimbo uliishia hapo.

Bintiye alifiwa na mama angali anatambaa. Alikulia chini ya ile kaunta, akichezea vitufe vilivyong'oka. Dada yake fundi anakumbuka siku mtoto alipotoa kichwa na kuuliza, "Baba, halafu yule mtoto alikwenda wapi?"

"Mtoto yupi?"

"Wa kwenye wimbo. Muache mwimbaji amalize."

Fundi akacheka. "Mama, hapa hatusikilizi nyimbo. Hapa tunasikiliza spika."

Mtoto akarudi chini ya kaunta. Akakua. Akajifunza kazi ya baba yake, na mkono wake ukawa mwepesi.

Sasa ikatokea siku moja mteja akaleta redio bubu. Fundi Besi akaifungua, akaitazama, akatangaza mbele ya watu waliojaa pale kwamba spika imekufa, haina dawa. Binti akachungulia. Akagusa waya mmoja uliokuwa umeachia, akautia risasi. Redio ikapiga kelele hapohapo.

"Lo!" mteja akasema. "Fundi, mwanafunzi amekupita. Kaa pembeni upumzike."

Watu wakacheka. Ulikuwa utani wa kawaida tu, lakini Fundi Besi hakuwa mtu wa kuchekwa. Akachukua kanda yake, akaitia kwenye redio ileile, akakaza sauti mpaka mwisho. "Nimelea, nimelisha, leo nageuziwa kisogo." Na kwa kila neno alikuwa akimnyooshea binti yake bisibisi. Watu wakacheka zaidi. Safari hii walimcheka binti.

Binti alikiweka chini chuma cha moto, taratibu, mahali pake. Akavua aproni. Akatoka. Hakurudi tena kufanya kazi mle ndani.

Alijifunza kushona, akakodi chumba ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo uchungu wenyewe ulipoanza. Kila redio iliyopona kwa Fundi Besi ilipimwa. Na ilipopimwa, mlango ulikuwa wazi, kwa sababu spika lazima isikike nje. Ule ubeti ukavuka barabara, ukamkuta binti kwenye cherehani. Asubuhi, mchana, jioni. Nimelea, nimelisha. Binti akiusikia anainuka, anafunga dirisha, anarudi kukaa.

Mtaa mzima uliamini kwamba fundi anamsimanga mwanawe. Dada yake alimwambia waziwazi.

"Mdogo wangu, mtoto anasikia."

"Akisikia si ndiyo vizuri? Spika inafanya kazi."

"Badilisha kanda basi."

"Hii sikio langu limeshaizoea. Nikibadilisha nitapimaje?"

Dada mtu anasema mdogo wake hakuwa anatania. Kweli alikuwa anapima redio. Ule ubeti alikuwa hausikii tena maneno yake, kama mtu asivyosikia saa ya ukutani kwake. Lakini anasema pia kwamba siku nyingine, baada ya kubonyeza kitufe, alimwona akitazama ng'ambo kuangalia kama dirisha limefungwa. Likifungwa, anasonya. "Unaona? Kisogo hicho."

Kisha kifua kikaanza kumsumbua. Alifanya kazi huku akikohoa, mpaka mchana mmoja wa mvua alipoitia kanda, akabonyeza, na kikohozi kikamshika. Akajilaza kwenye benchi la wateja. Alitaka kuinuka akazime. Pumzi haikumruhusu. Hakukuwa na mteja kwa sababu ya mvua, na dada yake alikuwa uani akianua nguo.

Basi wimbo ukaendelea.

Ubeti wa pili, yule mzazi anaanza kukumbuka. Anakumbuka sauti ya mtoto ikimwita, na yeye akijibu, "Sina nafasi." Na ubeti wa mwisho, sauti inashuka, gitaa linabaki peke yake, anaimba: "Mlango nimeufunga mimi, ufunguo ninao mimi, nje nimemlaza nani?"

Dada yake aliporudi na nguo mkononi alimkuta ameketi, macho yametua kwenye redio.

"Dada, ule wimbo una mwisho."

"Nyimbo zote zina mwisho. Nini wewe, homa imepanda?"

"Anajilaumu mwenyewe, dada. Yule mzee anajilaumu mwenyewe."

Hakula siku hiyo. Alirudisha ubeti wa mwisho tena na tena. Kumbe bisibisi ile alikuwa amewanyooshea watu wote isipokuwa mwenye kuishika. Dada yake anasema aliyasema hayo kwa sauti, akiwa anamtazama kama anayesubiri kukatazwa. Hakumkataza.

Kulipokucha, Fundi Besi alikokota spika yake kubwa mpaka mlangoni, akaielekeza ng'ambo, akabonyeza. Alitaka mwanawe asikie wimbo mpaka mwisho. Ubeti wa kwanza ulipoanza, dirisha likafungwa. Kama siku zote. Ubeti wa mwisho ukapigwa, na hakuna aliyesikia isipokuwa wapita njia.

Kesho yake akarudia. Dirisha likafungwa.

"Nenda ukamwambie kwa mdomo," dada yake akasema. "Una mdomo au huna?"

"Nitasema nini?"

"Hayohayo yanayosemwa na wimbo."

Siku ambayo kifua kilimpa nafuu alivuka barabara. Ndani kulikuwa na wateja. Alisimama mlangoni, akamtazama mwanawe, kisha akatazama suruali aliyoivaa. Akasema, "Hii suruali imekuwa ndefu. Naomba ipunguzwe."

Binti akachukua futi kamba. Akapiga goti mbele yake, akashika pindo, akatia alama ya chaki.

"Simama wima, baba."

Akasimama wima. Akavuka kwenda kubadilisha, akaileta suruali, akarudi kwake. Hakuna lingine walilosema. Suruali ilishonwa, ikapigwa pasi, ikatundikwa. Bado imetundikwa palepale. Hakujaliwa kuifuata.

Wasikilizaji wapendwa, tulimtembelea binti yake. Ni mtu wa maneno machache, na alizungumza nasi bila kusimamisha cherehani. Tulimweleza habari ya ubeti wa mwisho, tukidhani tunamletea faraja. Akasema hivi:

"Wimbo ule naujua wote. Tangu utotoni. Nilikuwa nakwenda kuusikiliza kwa jirani. Siku zote nilikuwa namsubiri baba afike pale mwisho. Kila akianza nasema labda leo. Akizima, naumia. Mwishowe nikawa nafunga mapema. Sasa shangazi ananiambia alifika. Alifika, na mimi nimefunga." Akakata uzi kwa meno. "Andikeni hivyo hivyo. Msinitengenezee."

Hatukumtengenezea.

Kwa dada yake marehemu, kwa binti yake, na kwa wote mliopokea redio kutoka mikononi mwake, tunawapa pole. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayetusikiliza, upo wimbo unaopenda kumwimbia mtu mwingine. Mwenzio, jirani, mtoto. Unaujua mwanzo wake vizuri sana. Kaa nao leo, uusikilize wote, kisha ujiulize umetungwa kwa ajili ya nani.

Familia imetuazima ile kanda. Mwanzo wake umechakaa, sauti inayumba na kukwaruza, kwa jinsi ulivyopigwa. Mwisho wake ni safi kama umerekodiwa jana. Tulitaka tuwapigie wimbo wote, lakini bintiye alituomba jambo moja. "Ubeti wa kwanza nimeusikia wa kunitosha," alisema. "Anzeni pale alipokuwa anazima."

Basi tunaanzia hapo.