Wipili Nyuma ya Kioo

Basi lilipoanza kupanda mlima kwenda mji wa Comalapa, Odilia alikuwa akimsimulia bibi aliyeketi naye ziara ya chuo kwenye makumbusho ya sanaa za jadi. Aliyoipenda zaidi ni wipili moja, blauzi ya kufuma yenye ndege wekundu, nyuma ya kioo. "Kibao kinasema mfumaji hajulikani."

"Hajulikani na nani?" bibi akafoka. "Begani kuna ndege mmoja wa zambarau?"

"Yupo! Mhadhiri alisema hapo fundi alikosea."

"Kakosea yeye! Uzi mwekundu ulituishia. Mama aliifuma azikwe nayo, maana kwetu kila mwanamke huzikwa na yake. Mgeni akaiazima aipige picha, akapotea nayo. Mama nikamzika na yangu."

Odilia akafunika daftari lake. Humo alikuwa ameandika "kosa", akapigia mstari. "Twende ukaidai, bibi. Nitakuwa shahidi."

"Kwa ushahidi wa ndege? Watatucheka, mjukuu wangu. Na macho haya hayafumi tena, sijui mimi nitazikwa na nini." Akaanza kukusanya vifurushi vyake. "Hiyo wipili, wameikunja?"

"Wameitundika, bibi. Mikono imetandazwa."

"Hivyo ndivyo Mama alivyokuwa akinipokea nikitoka sokoni," alisema bibi, na basi likasimama kituoni kwake.