Mwanamieleka Aliyeamriwa Aondoke

Ndugu zangu, nasimama mbele yenu bila furaha, na sitajifanya ninayo. Wengi mnanijua kama mtu wa kukemea. Nimewafundisha watoto wenu, na baadhi yenu nimewaonya mbele ya kanisa kwa ajili ya pombe. Sina nia ya kubadilika. Lakini katika kikundi hiki cha tuliofiwa kila mtu husema lake, na langu linaanzia mahali msipotarajia: kwenye mieleka ya televisheni.

Mke wangu aliipenda mieleka. Alikulia kijiji cha Boito, na utotoni mwake ilikuwapo runinga moja tu kwa jirani, iliyotumia betri ya gari. Jumapili baada ya ibada watoto walijazana sakafuni kutazama majitu yakibebana na kutupana. Tatizo lilikuwa betri. Picha ilianza kusinyaa pembeni, ikabaki mstari mmoja mweupe, kisha giza, na mara nyingi pigano lilikuwa bado linaendelea. Hivyo mke wangu alikua akiijua mianzo mingi na miisho michache.

Pigano moja lilimkaa moyoni. Wanaume wawili waliwekeana sharti kwamba atakayeshindwa ataondoka, asionekane tena ulingoni. Yule aliyempenda akashindwa. Aliketi katikati ya ulingo, akaanza kufungua kamba za viatu polepole, na betri ikaisha. Kabla ya Jumapili iliyofuata jirani alikuwa ameiuza runinga. Nawaambia, mwanamke huyo aliolewa, akazaa, akalea, akawa shemasi wa kanisa, na bado mara mojamoja tukiwa mezani angeniuliza, "Mwalimu, unafikiri alirudi?" Nami ningemjibu kwamba chakula kinapoa.

Miaka hii ya karibuni vijana wawili wachekeshaji wa Nairobi walianzisha podikasti. Kila wiki huchukua pigano la zamani na kulisimulia tangu mwanzo hadi mwisho kwa mzaha. Mtu anaanguka kabla kiti hakijamfikia, nao husema, "Kiti iko bado Thika, msee ashalala!" Refa anapogeuka nyuma wakati wa udanganyifu, husema anatafuta network. Lugha yao inaniudhi hadi leo, na matusi yao siyatetei. Ila nimewasikiliza vya kutosha kusema haki yao: wanaijua historia hiyo kama mwanafunzi mzuri anavyojua somo lake. Wanajua nani alimfundisha nani, nani aliumia kweli huku watu wakidhani anaigiza, nani alizeeka na mgongo uliovunjika pasipo wa kumtembelea. Wakifika hapo huacha mzaha, na wanyamazapo unatambua kwamba walilelewa.

Mke wangu aliipata podikasti hiyo, akawa kama mtu anayerudishiwa vitu vilivyoibwa. Moja baada ya nyingine, miisho aliyonyimwa na betri ikaanza kumfikia. Alisikiliza shambani, simu ikiwa mfukoni mwa aproni, sauti imefunguliwa yote. Mnajua akina mama wa kwetu huchuma chai kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kwa hiyo kundi zima lilisikiliza pamoja naye. Wazee miongoni mwao hawajui Sheng, lugha ya vijana wa mjini, wala Kiingereza cha wale vijana, basi yeye aliwaeleza kwa Kipsigis, lugha ya kwetu, bila kusimamisha mikono. Nikiwa nasahihisha vitabu vya wanafunzi dirishani, nilisikia kicheko kikija mara mbili: kwanza cha wasichana, halafu, baada ya maelezo, cha akina kogo, bibi zetu. Kile cha pili ndicho kilichokuwa kirefu.

Aliugua kifua, akalazwa, na hakurudi. Sitasema zaidi kuhusu hospitali.

Siku ile alipozidiwa alikuwa amelaza ufito juu ya chai, ule wa kupimia ili uso wa majani uwe sawa kama meza, na akauacha pale. Baada ya mazishi nilikwenda nikauona. Nikaamua asiuguse mtu. Nilifunga lango la shamba kwa mnyororo. Akina mama walipokuja kuchuma niliwarudisha, na walipokuja tena niliwarudisha kwa maneno ambayo siyarudii katika nyumba hii. Ninyi wakulima mnajua chai hufanya nini ikiachwa. Machipukizi yalikomaa, yakawa matawi, uso ukapotea. Ufito ukamezwa. Nami nilimezwa vilevile. Niliacha kuhubiri, nikaacha kunyoa, wanangu wakipiga simu nilisema niko salama. Nilikaa dirishani nikitazama chai ya mke wangu ikirudi kuwa msitu, nikaita hali hiyo uaminifu.

Asubuhi moja nilisikia sauti za wale vijana wawili zikitoka shambani. Ndugu zangu, nilisimama ghafla nikidhani akili imenitoka. Halafu nikasikia kicheko, kimoja tu, cha wasichana. Nilingoja cha pili. Hakikuja.

Nilitoka nikiwa na hasira. Akina mama walikuwa wamepita penye upenyo wa ua, wamo ndani ya safu, wengine na vikapu, wengine na panga za kupogolea. Niliuliza ni nani aliyewaruhusu. Mzee wao, kogo mmoja anayelingana umri na marehemu mama yangu, hakuinua kichwa.

"Leo ni zamu yake," alisema. "Sisi hatukusikia kwamba zamu hufa."

Simu iliendelea kusema kwenye mfuko wa msichana mmoja. Kogo akaielekezea kidevu.

"Hao wanasema nini, Mwalimu? Huyo wetu ndiye aliyekuwa akituambia. Tangu aondoke tunakaa hapa kama kuku wanaosikiliza redio."

Basi mimi, niliyewaadhibu watoto kwa kusema Sheng, nilisimama kati ya chai iliyonizidi kimo nikawatafsiria wazee mzaha wa mieleka. Nilianza vibaya, kama mtu anayesoma ilani. Nikawaeleza habari ya kiti kilichokuwa bado Thika. Kicheko cha pili kikaja, kikavuka safu zote.

Kisha vijana wakaingia katika pigano la siku hiyo. Wanaume wawili, na sharti. Atakayeshindwa ataondoka. Nikawatafsiria hadi pale pa kamba za viatu. Wanawake wakaacha kuchuma. Walilijua pigano hilo; alikuwa amewauliza wote, kama alivyoniuliza mimi.

"Na alirudi?" Kogo akauliza.

Tulisikiliza hadi mwisho. Nikamwambia, "Alirudi, Kogo. Alivaa kinyago, akajiita jina jingine, lakini watu walimtambua kwa mwendo."

Nikaongeza, kwa kuwa mimi ni mwalimu na siwezi kujizuia, kwamba ule ni mchezo tu, na katika mchezo watu hurudi.

"Ndiyo maana mkeo aliupenda," alisema Kogo.

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya wanawake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Hakuna aliyeninyamazisha. Walipogoa chai kunizunguka. Jioni waliutoa ufito ndani ya matawi, wakauegemeza ukutani kwangu.

Ninawashukuru akina mama hao, na wamo humu wakijificha nyuma ya vitambaa vyao. Ninawashukuru hata wale vijana wa Nairobi, nikiwasihi wapunguze matusi. Funzo langu ni hili: usimfungie marehemu wako lango. Huzuni unayoilinda peke yako haimhifadhi mtu uliyempenda, bali inawanyima wengine sehemu yao ya kumlilia. Wape zamu yao.

Chai imechipua tena. Zamu yetu ikifika mimi hulaza ufito, na podikasti husikika kwa Kipsigis kwa kinywa changu. Kogo bado huniomba lile pigano la viatu, nami humsimulia lote. Ninapofika mwisho ananiuliza kama alirudi, ingawa anajua. Namjibu kwamba alirudi. Kisha tunaendelea kuchuma.