Melenaite Moala, Dada Aliyesimama Nje ya Mlango

Jumanne tarehe 9 Oktoba 1951, mvua ya kusini ilinyesha visiwani Vava'u tangu alfajiri na jua likatoka adhuhuri. Saa za mchana huo, katika kijiji cha Leimatu'a, Melenaite alizaliwa, mtoto wa kwanza wa Bwana Hakeai na Bi Lu'isa. Mama yake alikuwa akiponda ubaoni magome ya kutengenezea ngatu, kitambaa chetu cha magome ya mti, pamoja na wanawake wenzake uchungu ulipomshika, na alikataa kuondoka mpaka kipande chake kiishe. Waliomfahamu Melenaite hawatashangaa alikotoa moyo huo. Alifuatiwa na ndugu mmoja tu, Feleti, aliyezaliwa mwaka 1955.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, kisha sekondari ya kanisa mjini Neiafu. Mwaka 1970 alivuka bahari kwenda mji mkuu, Nuku'alofa, kusomea uuguzi, akahitimu mwaka 1973 na kurudi Vava'u katika wodi ya wazazi. Wengi mliokaa hapa leo mlipokelewa na mikono yake.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Sosaia Moala, mkulima wa viazi vikuu na mwimbaji wa sauti nzito kanisani. Sosaia alipokwenda kuposa alisahau maneno aliyofundishwa, akaimba. Baba mdogo wa Melenaite, Mzee Penisoni, alimkatiza: "Kijana, tumesikia. Sasa sema unachotaka, chakula kinapoa." Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1981 Feleti aliugua. Alikuwa na mke, 'Emeline, na binti mchanga, Kalolaine. Aliacha kulala. Aliingia nyumba za watu akiwaamsha, akisema babu yake marehemu anamwita kutoka kwenye miamba ya baharini, na mara mbili alikutwa maji yamemfika kifuani. Mganga, Bi Tokilupe, alisema amepandwa na pepo wa wafu, akamkamulia majani machoni na puani. Hali haikubadilika. Wanaume wakamfunga kamba kwenye nguzo ya nyumba ya kupikia, wakihofia siku moja bahari itamchukua.

Melenaite alikuwa muuguzi, na huyo alikuwa ndugu yake wa pekee. Lakini sisi sote tunajua mipaka yetu. Dada haingii alipolala kaka, hamgusi, na mambo ya mwili na ya ndoa hayatajwi wakiwa pamoja. Kwa hiyo alisimama nje.

"Melenaite, huyu hashikiki," Mzee Penisoni alimwambia. "Ukimfungua leo, kesho tutamtafuta majini."

"Baba mdogo, mimi sitaingia humo. Mwambie Feleti dada yake anamtaka ashuke bandarini, apande meli."

"Na akinipiga?"

"Utakuwa umepigwa na mwanao. Mwambie."

Mzee aliingia. Alipofungua kamba alijiandaa kukimbia. Feleti hakumpiga mtu. Neno la dada halikataliwi, na katika ugonjwa wake wote hilo hakulisahau. Aliuliza tu, "Shati langu liko wapi? Dada ataniona hivi?" Akavaa, akapita mbali na dada yake macho yakiwa chini, akashuka bandarini.

Safari hiyo ya kwanza haikuzaa kitu, na Melenaite mwenyewe alikuwa akiisimulia bila kuficha. Hospitalini Nuku'alofa familia, hata Melenaite aliyezoea wodi ya wazazi tu, ilidhani kila aliyeketi nyuma ya meza ni daktari, na kwamba mmoja akishamwona mgonjwa wote wamemwona. Waliingia pamoja kwa mwanasaikolojia mgeni kutoka New Zealand, Bi Haig. Akamuuliza Melenaite, Feleti akiwa hapo hapo, kama kaka yake bado analala na mkewe. Melenaite aliangalia mkeka. Feleti aliinuka akatoka. Bi Haig akaona familia haitaki kusema.

Mzee Penisoni akajaribu kuokoa jahazi. "Mama, tuache maswali. Mchome sindano."

"Mimi sina sindano, mzee. Mimi ni mwanasaikolojia. Naongea na mgonjwa, napima anavyowaza, namfundisha namna ya kukabiliana na yanayomsumbua."

"Kuongea tunako kwetu! Tukikaa kunywa kava tunaongea mpaka jogoo anatuonea huruma. Tumevuka bahari kufuata dawa."

Wakarudi Vava'u bila kumwona daktari mwenye dawa, aliyekuwa chumba cha pili. Feleti alifungwa tena kwenye nguzo ile.

Melenaite aliomba likizo, akapanda meli peke yake. Alikwenda mlango kwa mlango hospitalini, na kila aliyemkuta alimuuliza swali moja: "Kazi yako ni ipi, na inaishia wapi?" Wengine walicheka, wengine waliudhika, lakini hakuondoka bila jibu. Daktari wa magonjwa ya akili alimweleza kwamba yeye amesomea udaktari kwanza, ndipo akasomea akili. Yeye ndiye anayetaja ugonjwa na kuandika dawa. Bi Haig alimwambia kwamba mazungumzo yake yatafaa zaidi dawa zikishamtuliza mgonjwa. Muuguzi wa akili alisema yeye ndiye atakayejua kama dawa zinamezwa au zinatemwa. Ofisa ustawi wa jamii alishughulika na nyumba, mke na watoto wa mgonjwa. Mtaalamu wa tiba kwa kazi alitaka kujua Feleti alikuwa akilima nini, ili amrudishe shambani hatua kwa hatua. Naye mchungaji mshauri alikiri kwamba kazi yake ni kusikiliza na kuomba, na kwamba anayesikia sauti za wafu apelekwe kwa daktari kwanza.

Akawaeleza nao mipaka yetu. Safari ya pili, Feleti aliingia na 'Emeline na binamu yake wa kiume. Melenaite aliongea na kila mtaalamu peke yake, chumba kingine. Feleti alilazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani wakati wa kupanda viazi vikuu. Kamba ile Melenaite aliomba ikatwe, na Mzee Penisoni akaikata mwenyewe.

Mwaka 1983 aliacha wodi ya wazazi, akaenda ng'ambo, Suva, kusomea uuguzi wa akili. Kwa miaka ishirini na minane aliyofanya kazi hiyo, hakumdharau mganga. "Bi Tokilupe na aje na majani yake," alikuwa akisema, "lakini kidonge cha daktari kisikatizwe." Alifundisha zaidi kwenye mbao za ngatu kuliko kliniki. Siku moja jirani yake, Sulieti, alimuuliza, "Kwa hiyo huyo mwanasaikolojia analipwa kwa kukaa na kuongea?"

"Kama wewe, Sulieti. Ila yeye husikiliza."

Sulieti alicheka mpaka akadondosha kipondeo. Wiki iliyofuata alimleta mwanawe wa kiume, na akauliza mwenyewe mlango wa daktari wa dawa ni upi.

Feleti aliacha dawa mwaka 1994 na kulazwa tena, lakini hakufungwa kamba. Kijiji kilijua wa kuitwa.

Sosaia alitangulia mbele ya haki mwaka 2012. Melenaite aligundulika kuwa na saratani ya ini mwaka huu, akafariki nyumbani kwake Jumamosi tarehe 17 Agosti 2019, watoto wake wakimwimbia.

Ameacha watoto watatu, Maikolo, Vaimoana na Sitiveni, wajukuu saba, wifi yake 'Emeline, Kalolaine, binti wa kaka yake, na kaka yake Feleti, ambaye wakati haya yanasomwa yuko nyuma kwenye matanuri ya ardhini, amejifunga kiunoni mkeka mkuukuu wa maombolezo kama impasavyo ndugu wa marehemu, akisimamia chakula chenu. Bwana aliyempa Melenaite ukaidi mwema amkaribishe apumzike kwa amani.

Familia imeomba jambo moja lisomwe mwisho. Jumanne tarehe 11 Juni daktari alimwambia Melenaite kwamba ugonjwa wake hautapona. Hakulia mbele yetu. Alisema tu, "Feleti atasemewa na nani?" Asubuhi iliyofuata alivaa nguo ya kazini, akamchukua Kalolaine mpaka kliniki ya Neiafu, wakaketi mbele ya muuguzi na daktari mgeni wa akili. Daktari alipouliza habari za Feleti, Kalolaine alimgeukia shangazi yake amjibie. Melenaite aliinuka, akamwachia ajibu mwenyewe, akachukua kikapu chake, akaenda sokoni kununua magimbi.