Taulo la Nyuma ya Goli

Sogeeni, wanangu, na wewe Ashura mke wangu kaa hapa karibu na mto, maana sauti yangu siku hizi ni ya kuazima na mwenyewe anaweza kuidai saa yoyote. Alhamdulillahi, alasiri nimeiswali kwa kuketi, akili ninayo, na hakuna aliyenilazimisha, basi nitakalolisema lishikeni. Ila kwanza, Alawi, Nadhira, mmemwamkia mzee huyu aliyeketi kwenye kiti cha pale dirishani? Mwamkieni vizuri. Anaitwa Kasian, ametoka Zinga, nimemwita mimi na amekuja. Nitawaambia ni nani, lakini taratibu, kwa kuwa jambo hili nimelibeba miaka thelathini na minane na haliwezi kutuliwa kwa pupa.

Nyumba hii nilikwisha kumwandikia mama yenu nikiwa mzima, na asiiguse mtu. Shamba la Kaole na minazi yake mligawe kwa sheria ya dini, na wewe Alawi usimpunje dada yako kwa kisingizio kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukienda kusimamia uanguaji wa nazi, kwa maana nazi ulizokula njiani ni Mungu peke yake anayezijua. Hayo ni mepesi. Zito ni taulo. Juzi niliwasikia ukumbini mkidhani nimelala, Alawi akitaka lile taulo liwekwe kwenye fremu ya kioo waandishi wa habari waje walipige picha, na Nadhira akisema taulo ni la anayedaka, mwezi ujao anaanza kulinda mlango wa timu ya wanawake Dar na anataka taulo la baba yake liwe nyuma ya goli lake. Mmegombana mpaka hamsalimiani, kwa ajili ya kitambaa.

Sikilizeni mlikotoka kwanza. Mikono hii haikufundishwa na kocha, ilifundishwa na mananasi. Nikiwa kijana nilipakia mananasi Kiwangwa, mmoja anarusha kutoka chini, mwingine anadaka juu ya lori, na nanasi hulidaki kwa mikono migumu, ukilidaka hivyo linapondeka na miba yake inakuchana. Unalipokea huku mikono inarudi nyuma nalo, taratibu, mpaka linatulia kifuani. Aliyekuwa akidaka juu ya lori jirani na langu ni huyu Kasian. Mimi nilikuwa nadaka moja moja, yeye alikuwa anapokea mawili yaliyorushwa pamoja, kila mkono na lake, huku anazungumza na watu. Nilisimama nikamtazama nikasahau kazi, nanasi likanipiga hapa kwenye taya. Ndivyo tulivyojuana. Yeye ndiye aliyenipeleka uwanjani akaniambia mpira ni nanasi lisilo na miba, na mwaka wa tatu timu kubwa ya Dar ilipokuja kutafuta makipa ikatuchukua sote wawili.

Wanangu, niwaambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu kwa kuona haya. Mpira unapotoka kwenye mguu wa mpigaji, watu wote uwanjani wanaondoka. Kelele zinakatika, unabaki wewe na mpira tu, na mpira unakuwa mkubwa, unauona mpaka mshono wake unavyozunguka, na mwili unaruka kabla hujauamrisha. Mara ngapi nimeanguka chini, mpira uko kifuani, nikaviangalia viganja vyangu nikasema Subhanallah, ni nani aliyeudaka huu? Nilidaka miaka kumi na mitatu, nikavaa jezi ya taifa, nikapanda ndege kwenda nchi ambazo hata majina yake mama yangu hakuweza kuyatamka, na mpaka leo sijui. Nilipewa tu.

Lakini watu hawakutaka kuambiwa kwamba nimepewa. Walitaka sababu, na sababu wakaiona nyuma ya goli, taulo langu jeupe lenye mstari wa buluu. Mnajua timu zetu na kamati zake za ufundi, ambazo ufundi wenyewe si wa mpira. Viongozi walilipeleka taulo kwa fundi mmoja wa dawa, akashona kitu kwenye pindo, akatoa na sharti kwamba lisifuliwe. Wapinzani walituma watoto waokota mipira waje kuliiba, mashabiki wetu wakalilinda kama mtu anavyolinda mtoto mchanga. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mimi niliposikia nasifiwa kwa taulo, nikaanza kuliamini kuliko mikono yangu.

Sasa ikaja fainali ya mwaka themanini na saba. Ijumaa yake nilipewa ruhusa kambini nikaja hapa nyumbani kusalimia, na taulo nililibeba kwenye begi. Marehemu mama yangu, bibi yenu Bimdogo, hakuwa mtu wa kuvumilia harufu. Nilipokwenda msikitini akafungua begi, akalitoa taulo, akafumua lile pindo, akakuta kipande cha karatasi iliyoungua na mizizi, akavitupa jalalani. Taulo akalifua kwa sabuni ya mche na kulianika. Nami niliporudi nikachukua begi mbio mbio kuwahi gari, wala sikulifungua.

Nililifungua Jumamosi, kwenye chumba cha kuvalia, timu ikiwa imebakiza nusu saa kuingia uwanjani, na taulo halimo. Kiongozi akaniuliza, "Taulo liko wapi?" Wanangu, wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Niliogopa. Niliona watanitoa, watampanga Kasian, kipa wa akiba, ambaye kwa haki ya Mungu alikuwa ananizidi. Nikasema, "Nilimwachia Kasian."

Maneno mawili tu. Chumba kizima kikamgeukia. Yeye akaniangalia mimi, hakuwaangalia wao. Angesema mimi mwongo, ningeanguka pale pale. Hakusema.

Mechi ikaisha bila bao, tukaingia kwenye penalti. Nilisimama chini ya mtambaa panya, nyuma yangu hakuna taulo, na mkwaju wa kwanza uliingia nikiwa bado nautafuta. Hapo nikageuza uso pembeni. Kasian alikuwa ameondoka kwenye benchi, ambako wenzetu walishaanza kumkaa mbali, akaenda kuchutama karibu na kibendera cha kona. Mtu wa benchi huona mengi, na yeye wale wapigaji alikuwa amewatazama miaka mitatu. Akaweka mkono juu ya goti la kushoto. Nikaruka kushoto, nikaupangua. Wa tatu aliniashiria kulia, nikasita kwa sababu sikuamini mtu niliyemdhulumu anaweza kunisaidia, ukaingia. Wa nne akaweka tena mkono goti la kulia, nikaenda, nikaukuta unanisubiri. Ukabaki wa tano, tukiwa mbele kwa mmoja. Nikamtazama. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya magoti yote mawili. Maana yake, usiruke. Simama. Na kipa kusimama wima kwenye penalti ni kitu kigumu kuliko kuruka, kwa sababu ukifungwa umesimama utachekwa mpaka na wajukuu. Nilisimama. Mpira ukaja katikati, polepole, ukaingia kifuani mwangu kama nanasi.

Nilibebwa mabegani mpaka barabarani. Kasian alifukuzwa jioni ile ile, ikasemwa ameuza taulo kwa wapinzani, na Mungu ametunusuru. Nami niliyekuwa mabegani nilisikia, nikanyamaza. Alirudi Zinga na jina hilo, akalima, akafundisha watoto wa wenzake kudaka, hakuna timu iliyomwita tena. Mkewe Paskalina alipofariki nilipanda gari mpaka Zinga, nikashindwa kushuka, nikapitiliza. Taulo nililikuta kwenye kamba hapa uani, jeupe, halina kitu, na nikadaka nalo miaka tisa mingine bila mtu kujua. Mama aliponiona nalia aliniambia Mungu hadaki kwa kitambaa. Alidhani nalilia dawa.

Kwa hiyo Nadhira, usilitake. Wewe una mikono, nimekuona Ramadhani iliyopita ukidaka pale ufukweni, niliogopa kukusifu nisije nikalia mbele za watu. Ukienda Dar, kila Jumapili yenye nafasi shuka Zinga, huyu mzee akufundishe. Alawi, kile kioo chako weka ndani yake medali ya mwaka ule, umkabidhi Kasian, na hao waandishi wako waite waandike haya niliyosema, jina langu na kosa langu, wasipunguze neno. Najua utaona aibu. Ione. Na taulo mpeni mama yenu apangusie meza.

Ashura, maji. Kidogo. Inatosha.

Nikifa nizikeni kabla jua halijazama, msiningojeze kwa ajili ya viongozi. Huyu Kasian ni Mkristo, lakini pale makaburini mpeni nafasi mbele, naye atie udongo kwa mkono wake. Kama anataka. Asipotaka, msimlaumu.

Kasian, ndugu yangu. Umekaa saa nzima hujasema neno, kama siku ile. Sikuombi useme. Nimekudhulumu, nami naomba radhi yako mbele ya wanangu, na kama huna ya kunipa nitakwenda nalo deni langu, ni haki.

Wanangu, pendaneni. Mungu awape mikono laini na ulimi mnyoofu. Nimewawia radhi nyote wawili, na mama yenu, dunia na akhera.

Pumzi... ngojeni. Nadhira, macho yangu yana ukungu. Mzee amesogeza kiti, namsikia. Amefanya nini? Niambie mkono ameuweka goti gani.

Yote miwili?

Alhamdulillahi. Basi msinishike, wanangu. Niacheni nisimame hapa hapa katikati. Unakuja wenyewe.